Maskini wa Kwanza wa Mdrowani

Iburoi alikuwa na miaka hamsini na minne, wajukuu wawili na goti moja bovu, na bado alikuwa mtoto. Akili alikuwa nazo timamu kuliko wengi. Alikuwa mtoto kwa sababu hajafanya anda, harusi kubwa, na sisi wa Mdrowani mwanamume asiyefanya anda ni mtoto wa mji hata akiota mvi mpaka masikioni. Kukiwa na kikao bangweni, kwenye uwanja wa mji, yeye ndiye wa kubeba viti. Wageni wakija, yeye ndiye wa kumimina maji. Watu wazima wakizungumza, yeye husimama nyuma, karibu na ukuta, amefyata ulimi, maana mtoto hasemi bangweni.

Kubeba viti alikuwa ameshazoea. Kilichomchoma ni kumbebea Tajidini. Tajidini alikuwa na miaka thelathini na sita, na Iburoi alikuwa akimbeba mabegani enzi zile anajikojolea. Lakini mjomba wa Tajidini alikuwa Marseille, akatuma pesa, kijana akafanya anda yake kwa kishindo, na tangu siku hiyo akawa mtu mzima mwenye joho. "Iburoi, kiti," husema, na neno tafadhali halijui hata kwa kuliota.

Kazi ya Iburoi ilikuwa kuchochea moto kwenye mtambo wa kuchemshia maua ya mlangilangi. Alinukia kama bibi harusi na alivaa kama mzoa taka. Jasho la miaka ishirini na sita la mtambo ule lilikuwa limerundikwa chumbani kwa mkewe, Echata, likisubiri siku ya anda: kitanda cha mninga kwenye nailoni yake, kabati la vioo vitatu, friji ndani ya boksi, masanduku mawili ya vitambaa, na mkufu wa dhahabu uliozikwa kwenye debe la mchele. Mume na mke walilala chini, kwenye mkeka, katikati ya mali hiyo yote, na usiku wakijigeuza walijigonga kwenye friji.

"Wenzangu wana waume," Echata aliwaambia majirani kisimani. "Mimi nimezaa watoto watano na mchumba."

Kwa hesabu ya mila, Iburoi alipungukiwa na kitu kimoja tu. Ng'ombe. Kaka zake walishaahidi wawili, lakini mmoja lazima bwana harusi amtoe mwenyewe, dume, mkubwa, anayeonekana. Kila mwaka Iburoi alipokaribia bei, bei ilipiga hatua mbili mbele. Naye hakuutaka ukubwa kwa ajili ya joho wala picha. Alitaka kusema bangweni. Alikuwa na maneno ya miaka thelathini kifuani, mengine mazuri sana, na aliogopa kufa nayo.

Ndipo ukaja mradi wa kupunguza umaskini.

Mradi ulikuja kwa gari jeupe, na ndani yake alikuwamo Bi Sitti Mdahoma kutoka Moroni, binti mwenye miwani na daftari, mtu wa maneno machache. Watu wazima kumi na mmoja wakaketi kwenye benchi la mawe la bangweni, kila mmoja mahali pake. Iburoi akamimina maji.

"Nimewaletea ng'ombe kumi na wawili wa maziwa, wote wana mimba," alisema Bi Sitti. "Ni wa familia maskini. Hawachinjwi, hawauzwi. Nipeni majina kumi na mawili, mkianza na aliye maskini kuliko wote. Namba moja awe maskini wa kwanza hasa."

Kila mtu alitazama vidole vyake vya miguu. Nani atamtaja mwenzake maskini hadharani, na yule mwenzake ana binti anayetafutiwa mchumba?

Aliyeanza ni Mzee Mbae. Alikohoa, akaweka fimbo sawa. "Orodha ni orodha," alisema. "Katika mji huu hakuna orodha iliyowahi kuanza na mtu mwingine ila Mzee Mshangama. Nyama ikigawiwa, yeye kwanza. Maiti ikisaliwa, yeye mbele. Sioni kwa nini katika umaskini tumrudishe nyuma."

Mzee Mshangama, mwenye miaka sabini na tisa, ambaye anda yake ililiwa siku tisa na bado inasimuliwa, aliinamisha kichwa kama anayepokea cheo. "Mkiona nafaa," alisema.

"Unafaa, Mzee. Andika, binti. Namba moja, Mshangama. Namba mbili, mimi."

"Namba mbili nani?" Mzee Kombo alidakia upande wa pili.

"Mimi, Mbae."

"Wewe Mbae ulioa Jumamosi. Mimi nilioa Alhamisi ya wiki ileile. Lini umekuwa maskini kabla yangu?"

"Alhamisi mvua ilinyesha, ngoma haikuchezwa. Ngoma yako ilichezwa Jumapili. Harusi ni ngoma."

"Harusi ni nyama, na nyama ililiwa Alhamisi, na wewe mwenyewe ulikula ukarudia. Binti, ukimwandika huyu maskini mbele yangu, mimi na ukoo wangu tunatoka kwenye mradi."

Bi Sitti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Wazee wangu, mimi naulizia nani hana chakula nyumbani."

"Tumekusikia," alisema Mbae. "Tunaweka heshima kwanza."

Walibishana mpaka adhana ya alasiri. Mwisho Kombo alishinda umaskini wa pili, Mbae akaridhika na wa tatu kwa sharti kwamba jina lake liandikwe kwa herufi kubwa, na wengine wakafuata kwa tarehe za harusi zao hadi wa kumi na moja, Tajidini. Hapo watu wazima wakaisha, na nafasi ikabaki moja.

"Sasa tunaingia kwa watoto," alisema Mshangama. "Mtoto mkubwa kuliko wote ni nani?"

Wote wakageuka kumtazama mtu mwenye birika. Iburoi alihisi moyo unamdunda hadi kwenye goti bovu. Birika likamwagika kwenye kiatu cha Tajidini, na kwa mara ya kwanza hakuomba radhi.

Siku tatu alitembea kama aliyekunywa. Mimba ya ng'ombe ikitoka dume, basi mwaka kesho, Agosti, watu wa Marseille wakija likizo, mambo yamekwisha. Mradi umekataza kumchinja mama, haukusema lolote kuhusu mtoto. Alipima joho la kuazima mbele ya vioo vitatu vya kabati, juu ya nailoni.

"Unajitazama nini?" Echata alimuuliza.

"Natazama mtu mzima."

"Mwambie mtu mzima huyo paa la jiko linavuja."

Siku ya nne Bi Sitti alirudi na karatasi za ukaguzi, nyumba kwa nyumba. Alikuja amekunja uso, kwa kuwa alikuwa na hakika wakubwa wa mji wamejipendelea, na akaanza kwa Mzee Mshangama makusudi, ili amuaibishe mkubwa wao.

Alimkuta Mzee amevaa joho la hariri, ameketi kwenye kiti kimoja kilichokuwamo nyumbani humo. Akampisha mgeni kiti, akakaa chini. Ukutani palijaa picha za anda: Mshangama kijana, Mshangama na mwavuli wa dhahabu, Mshangama na ng'ombe kumi na wanane waliopangwa mstari. Jikoni palikuwa na shelisheli la kuchemsha, nusu, la mchana na usiku. Hakukuwa na chumvi. Mzee alimmegea mgeni kipande kikubwa, na mkono ulipotetemeka alisingizia baridi, saa saba mchana, mwezi wa Novemba.

Kwa Kombo ilikuwa hivyohivyo. Kwa Mbae ilikuwa vibaya zaidi, maana Mbae bado alikuwa akilipa deni la vitambaa vya mke wa pili. Tajidini mwenye maringo aliuza teksi ya mjomba kutimiza mchele wa wageni, na sasa alikula kwa mama yake, mlango wa nyuma. Wote kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, hawakuwa na mbele wala nyuma. Anda ilikuwa imewakomba mpaka sufuria. Bi Sitti alitoka nyumba ya kumi na moja akiisoma upya karatasi yake. Ile orodha ya heshima, aliyoidhani ni kichekesho, ilikuwa sahihi neno kwa neno.

Kisha akafika kwa Iburoi.

"Kitanda?" alisoma kwenye karatasi.

"Kipo," alisema Iburoi, na hakuweza kuzuia kiburi kidogo. Ndiyo mara ya kwanza mgeni wa serikali kukiona.

"Kabati?"

"La vioo vitatu. Hesabu mwenyewe."

"Friji?"

"Lita mia mbili na kumi. Halijafunguliwa, harufu ya dukani bado imo."

Echata alimkanyaga mguu. Iburoi akadhani amemkanyaga kwa bahati mbaya, akaendelea na masanduku ya vitambaa. Alikuwa mbioni kufukua debe la mchele alipoona Bi Sitti ameacha kuandika.

"Baba," binti alisema taratibu, "wewe ndiye tajiri wa mji huu."

Iburoi alicheka. Alikuwa hajawahi kutukanwa kwa namna hiyo. Alipoona mwenzake hacheki, akaeleza: hizo si mali, hizo ni anda. Hakuna anayezitumia. Yeye analala pale, chini, mkeka ule. Bi Sitti alimsikiliza hadi mwisho, na alimwamini, lakini karatasi haikuwa na sehemu ya kuandika mkeka wa mtu mwenye kitanda. Jina la kumi na mbili likakatwa. Ng'ombe wa kumi na mbili akapelekwa mji wa jirani, mji ambao hatusalimiani nao tangu mpira wa mwaka juzi, na lawama yote ikamwangukia Iburoi na friji lake.

"Umetunyima ng'ombe," Tajidini alimwambia mbele za watu. "Ungeshindwa nini kulificha?"

Wale kumi na mmoja walishushwa kwenye lori siku ya Ijumaa, wekundu na weusi, matumbo mbele. Kila mtu mzima alipokea kamba ya ng'ombe wake, akapigwa picha. Kisha ng'ombe wakaanza kulia njaa, na hapo tatizo likajulikana. Ng'ombe wa maziwa hula majani mizigo miwili kwa siku. Majani hubebwa kichwani. Na tangu Mdrowani iwe Mdrowani, hakuna aliyemwona mtu mzima na mzigo kichwani, kwa kuwa hicho kichwa kimeshatawazwa.

Wakamtazama Iburoi. Hawakumwomba, maana mtoto haombwi.

Mwaka mzima Iburoi aliamka alfajiri na panga, akapanda mlimani, akateremka na majani, akarudi tena, halafu ndio aende mtamboni. Alikamua, akazalisha, akapaka dawa. Ndama kumi na mmoja walizaliwa mikononi mwake. Echata alipewa maziwa kikombe kimoja kwa siku, cha ahsante, akasema hata watoto wa wajukuu zake wataolewa kabla yeye hajavishwa pete. Iburoi mwenyewe alilaani ng'ombe, mradi, mlima na goti, kwa mpangilio huo, ila zizini sauti yake ilibadilika. Kule alizungumza. Aliwahutubia ng'ombe hotuba nzima za bangweni, na hakuna aliyemkatiza.

Mwaka ulipotimia Bi Sitti akaja kukagua. Bangwe likajaa, wanawake wakasimama pembeni chini ya madirisha, ndama wakafungwa kwenye ukuta wa msikiti waonekane. Watu wazima wakaketi kwa majoho yao.

"Mzee Mshangama," Bi Sitti alianza, "ng'ombe wako anatoa lita ngapi?"

Mshangama alipapasa ndevu. Hakumjua ng'ombe wake hata kwa rangi. Akainua kidole. "Iburoi, joho langu limekunjika huku nyuma."

Iburoi akachuchumaa nyuma ya benchi, akalinyoosha joho, akanong'ona.

"Lita sita," alisema Mshangama kwa sauti nene. "Saba, akipewa majani ya migomba iliyokatwa vipande."

Watu wakanong'onezana kwa kustaajabu ujuzi wake. Bi Sitti aliandika, akamgeukia Kombo: ng'ombe wake alizaa lini, na alizaa salama? Joho la Kombo nalo likakunjika. Iburoi akasogea kwa magoti. Joho la Mbae likakunjika. Lilifika la Tajidini, ambalo lilikuwa limepigwa pasi asubuhi hiyo, nalo likakunjika.

"Ndama alikuja makalio mbele," Tajidini alisema kwa madaha, "nikaingiza mkono mpaka hapa, nikamgeuza." Akaonyesha kiwiko chake laini, na wanawake chini ya madirisha wakaanza kucheka.

Bi Sitti akafunga daftari. "Kwa nini asiseme mwenyewe?"

"Nani?" aliuliza Mbae.

"Huyo aliye nyuma yenu."

"Hajaoa."

"Ana watoto watano. Nimewaona."

"Watoto anao," Mbae alimwelewesha kwa upole, kama mtu anayeongea na mgeni wa mbali sana. "Kuoa ndiko hajaoa."

Iburoi alichuchumaa pale, goti linawaka moto, akasikiliza watu wakisifu maneno yake kutoka vinywani mwa wengine. Alipata uchungu ambao hakuwahi kuupata kwa kubeba viti. Kiti si chake. Maneno haya yalikuwa yake.

"Basi swali la mwisho," alisema Bi Sitti. "Hawa ndama mmepanga wawe wa nani?"

Hilo halikuwa limepangwa. Joho la Mshangama likakunjika. Iburoi alijongea, akaweka mdomo kwenye sikio la mkubwa wa mji, na akanong'ona jambo ambalo hakulitarajia mwenyewe.

Mzee Mshangama alipapasa tena ndevu. Alizipapasa hadi Tajidini akageuza shingo. Iburoi akaona amekwisha, akaanza kufikiria mji wa kuhamia.

"Aliyekata majani," Mshangama alisema, polepole, kila neno peke yake, "atachagua ndama mmoja. Wa kwanza. Atakayempenda."

"Tulikubaliana lini?" Tajidini aliruka.

"Mzee ameshasema," alisema Kombo.

"Lakini ni huyu amemnong'oneza, nimemwona."

"Sisi tumemsikia Mzee," alisema Mbae, na ikawa imekwisha, kwa sababu neno la mtu wa kwanza likishatoka bangweni halirudishwi hata na yeye mwenyewe.

Iburoi alisimama. Lakini kidole cha Mshangama kikamwita tena. Joho lilikuwa limenyooka kabisa. Akachuchumaa, na safari hii Mzee ndiye aliyegeuza kichwa na kunong'ona.

"Chukua jike, mwanangu. Yule mwekundu. Mimi mwaka wa anda yangu ningechukua jike, nisingekula shelisheli kavu miaka yote hii. Usimwambie mtu."

Iburoi akamtazama usoni kwa karibu kuliko alivyowahi kuruhusiwa. Aliuona mdomo mkavu, na ukosi wa joho la hariri ulioliwa na nondo, na alimhurumia mzee yule.

Akaenda ukutani. Alimjua jike mwekundu, mama yake ndiye wa lita saba. Ndama huyo baada ya miaka miwili angemjengea Echata paa na kuwavisha wajukuu. Alimshika sikio, jike akamlamba kiganja. Bi Sitti alitabasamu akafungua daftari. Echata, kule chini ya dirisha, hakutikisika.

Hatua tatu mbele alifungwa dume mweusi, shingo nene, wa Kombo. Agosti angekuwa anaonekana. Iburoi alijua atakavyokuwa baada ya Agosti hiyo: friji limekwenda kwa shemeji, mkufu shingoni kwa mke, mchele tumboni mwa mji, yeye na kiti kimoja. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale, maana ndiye aliyekuwa amewabebea maji wote kumi na mmoja hadi majikoni mwao. Akamwachia jike sikio, akaenda, akafungua kamba ya dume.

Bi Sitti alishusha kalamu. Kutoka kwa wanawake ikasikika sauti moja ya vigelegele, ndefu, isiyokata pumzi, na ilikuwa ya Echata.

Iburoi alilivuka bangwe akimvuta dume, hakumtazama mtu. Alipopita mbele ya benchi la mawe, Mzee Mshangama alifumba macho kidogo. Kisha akamgusa Kombo begani, Kombo akamgusa Mbae, na watu wazima wakabanana, mmoja mmoja, hadi mwisho wa benchi, kumpimia nafasi.